Maziwa ya mama na safari ya ndege

Dadangu, umeuliza utafanyaje siku tatu Dubai na mtoto wa miezi mitano umemwacha kwa nyanyake Likoni, na kama maziwa utakayokamua yatatupwa uwanja wa ndege.

Kwanza, usithubutu kukaa na matiti yaliyojaa. Mimi niliona haya, nikajikaza kutoka uwanja wa ndege wa Moi mpaka nilikofikia. Niliposhuka yalikuwa magumu kama jiwe, na usiku homa ikanipanda. Kamua kila baada ya saa tatu hivi, kama mwanao anavyonyonya. Omba kiti cha dirishani, jifunike leso, basi. Mngurumo wa injini unameza sauti ya pampu, hata jirani yako hajui.

Pampu na betri zake usiziweke kwenye sanduku la chini, beba mkononi. Maziwa pia. Kanuni ya mililita 100 kwa vimiminika vya mkononi kwa kawaida hailengi maziwa ya mtoto, lakini waulize shirika lako mapema, maana wewe unasafiri bila mtoto na wengine hushikilia hapo. Ukifika kwenye ukaguzi, yatoe na useme ni nini kabla hujaulizwa.

Kwenye joto la kawaida la chumba yanakaa saa nne tu, na joto letu la Mombasa unalijua. Ndani ya kibebeo chenye pakiti za barafu zilizoganda kabisa, saa 24. Kwenye friji ya hoteli, siku nne. Barafu ikiyeyuka wanaihesabu maji, kwa hivyo omba nyingine hotelini asubuhi ya kurudi.