Watoto wa jirani wanaoga kwenye bwawa langu

SWALI: Nina bwawa la kumwagilia miparachichi nyuma ya nyumba, limetandikwa nailoni nzito. Nikienda kazini watoto wa jirani wanaingia kuogelea. Akizama mmoja, lawama ni yangu? – Msomaji, Tukuyu

JIBU: Inaweza kuwa yako. Ukijua watoto wanaingia na usichukue hatua, ni rahisi kuonekana umezembea, hata kama hukuwaalika. Kibao cha "Hatari" weka, ila mtoto wa miaka 4 hasomi.

Hofu yetu kubwa ni hiyo nailoni. Ikilowa na kuota ule utelezi wa kijani, hata mtu mzima anayejua kuogelea hushindwa kupanda, na maji ya baridi ya huko kwenu humaliza nguvu upesi. Basi leo hii, kabla ya uzio, funga kamba nene kwenye nguzo kila upande, ishuke hadi chini, yenye fundo kila sentimita 30. Ning'iniza pia dumu tupu la lita 20 lililofungwa kifuniko na kamba ndefu, la kumrushia anayezama.

Kisha uzio wa waya wa wavu, usiopungua mita 1.2. Madumu na kreti zisikae karibu nao. Watoto huzifanya ngazi. Geti lijifunge lenyewe kwa springi, komeo liwe juu, kama mita 1.5.

Ongea na wazazi mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, kwa maandishi, ubaki na nakala yenye mhuri.