Lipu ya saruji inayobanduka katika nyumba ya Mji Mkongwe
Mteja mwenye nyumba Mji Mkongwe, Zanzibar, analalamika kwamba lipu ya saruji aliyopigiwa na fundi inabanduka, naye fundi anataka kuziba viraka tu; je, mteja ana haki? Ndiyo, malalamiko yake ni ya haki, na fundi anapaswa kuirudia kazi, kwa sababu lipu ya saruji ikipigwa juu ya ukuta wa zamani wa mawe ya matumbawe na chokaa hubanduka hata kama mchanganyiko wake ulikuwa sahihi. Ukuta wa aina hiyo hufyonza unyevu kutoka ardhini na kuutoa taratibu kupitia chokaa. Saruji huuzuia unyevu huo, chumvi hujikusanya nyuma yake, kisha lipu huvimba na kuanguka, mara nyingine pamoja na vipande vya ukuta wenyewe, hasara ambayo inasikitisha mno katika majengo kama yale. Kwa hiyo kuziba viraka kwa saruji ileile, kama fundi anavyopendekeza, ni kumwongezea mteja gharama bure. Lipu yote ibanduliwe, ukuta uachwe ukauke vya kutosha, ndipo ipigwe ya chokaa. Hata hivyo, paa na mabomba yakaguliwe kwanza, kwani yakiwa yanavuja, hata chokaa haitadumu, na lawama hiyo haitakuwa ya fundi.