Je, kinu cha muunganiko wa nyuklia kinaweza kulipuka kama Chernobyl?

Hapana ndugu yangu, hakiwezi. Kinu hiki huunganisha atomi nyepesi za hidrojeni, hakipasui atomi nzito za urani kama kile cha Chernobyl, Ukraine, kilicholipuka mwaka 1986 kikiwa na tani zipatazo 190 za urani. Kwenye ITER, kinu cha majaribio cha muunganiko kinachojengwa Cadarache kusini mwa Ufaransa, chemba ya plazima (gesi yenye joto kali mno ambamo atomi huungana) inazidi mita za ujazo 800, lakini wakati wowote ule ndani yake mna gramu chache tu za hidrojeni, iliyopashwa hadi nyuzi milioni 150. Hewa kidogo ikipenya, plazima inapoa na kuzimika papo hapo. Kazi ngumu ni kuuwasha moto huo, si kuuzima.

Ila asikudanganye mtu kwamba hakuna hatari kabisa. Mimi jicho langu liko kwenye tritiamu. Ni hidrojeni yenye mionzi, sehemu ya mafuta ya kinu, hupenya hata kwenye chuma chenye joto, na ikishaungana na oksijeni inakuwa maji, ambayo mwili unayapokea kama maji mengine yoyote. Kila miaka 12 hivi hupungua kwa nusu. Ndiyo maana wabunifu wanaweka kuta juu ya kuta, pamoja na mitambo ya kuinasa kutoka hewani.

Nyutroni nazo, chembe ndogo zinazorushwa atomi zikiungana, hupiga chuma cha kinu hadi chenyewe kinakuwa na mionzi, kwa hiyo uchaguzi wa chuma ni muhimu mno. Pia ITER wameamua kuacha berili, metali nyepesi, kwenye ukuta wa ndani, watumie tangisteni, metali nzito inayostahimili joto kali. Vumbi la berili huharibu mapafu ya mafundi, na uamuzi huo nimeufurahia sana.