JIBU: Kapewa SP wakati hana malaria?

Mkuu, umeuliza kwa nini mkeo mjamzito kapewa SP (dawa ya malaria) kliniki huko Temeke wakati kipimo cha malaria kimesoma hasi. Vile vidonge vitatu ni vya kinga. Vimelea hujificha kwenye kondo la nyuma, kipimo cha damu ya kidoleni kinaweza kisivione. Mama anajiona mzima, kumbe damu inapungua na mtoto anazaliwa na uzito mdogo. Mimba ya kwanza ndiyo hatari zaidi.

Dozi huanza miezi 3 ya mwanzo ya mimba ikishapita, kisha zipite angalau wiki 4 kila dozi. Amezee palepale mbele ya nesi (wengine wakifika nyumbani huvitupa, tusidanganyane). Kama anatumia septrini (dawa nyingine yenye salfa kama SP) aseme mapema, havichanganywi. Na chandarua alalie yeye, kisifugiwe vifaranga.