Anzeni na "u", "r" itasubiri

Mhariri, wiki hii mmeuliza: anayeanza Kifaransa aishike sauti ipi kwanza, na aifanyieje mazoezi? Najua wengi wataitaja "r". Mimi nasema "u", ile ya "tu" na "rue". Mtu akiingiza "r" ya Kiswahili kwenye Kifaransa atasikika mgeni, basi, lakini ataeleweka. Akikosea "u" anasema neno jingine kabisa: "dessus" ni juu, "dessous" ni chini, "rue" ni barabara, "roue" ni gurudumu.

Sauti hiyo haimo katika irabu zetu tano, ila vipande vyake tunavyo: ulimi wa "i", midomo ya "u". Vuta "iiii" kama sekunde tatu, ncha ya ulimi ikigusa meno ya chini kwa ndani. Bila kukata sauti, chongoa midomo kama anayepiga mluzi, ibaki tundu dogo tu. Ulimi usisogee hata chembe. Kosa huingia papo hapo: midomo ikichongoka, ulimi hurudi nyuma kwa mazoea, ikatoka "u" ya "kuku". Ukihisi ncha imebanduka kwenye meno, anza upya. Kioo kitakuonyesha midomo tu. Ulimi utaupima kwa kuuhisi. Ukifanya vivyo hivyo kwa kuanzia "e" unapata "eu" ya "peu".

Kuhusu "r", mwenye Kiswahili ana bahati kubwa. "Gh" ya "lugha" iko jirani yake sana. Irudishe nyuma kidogo tu, kuelekea kidaka tonge, ncha ya ulimi ikilala chini. Ikifuata p, t au k, hufifia ikawa karibu na "kh" ya "kheri", kama katika "très". Usiikwaruze kooni kwa nguvu, maana sauti yenyewe ni laini.

Irabu za puani, zile zinazotoka kwa mdomo na pua pamoja, ndizo hudanganya masikio. Wengi hufunga "bon" kwa "n" au "ng'", na hawajui. Jipime hivi: vuta mwisho wa "bon", kisha bana pua kwa vidole. Sauti ikikatika, ulimi umeziba njia ya mdomo. Ikiendelea, hata kama imebadilika kidogo, uko sawa. Katika "bonne" hali ni kinyume: irabu si ya puani na "n" inatamkwa kweli. Kisha pitia "vin" (divai) midomo ikiwa imetandazwa, "vent" (upepo) kinywa kikiwa wazi zaidi, na "vont" (wanakwenda) midomo ikiwa duara.

Dakika tano kila siku zina faida kuliko saa nzima Jumamosi. Jirekodi ukisema "dessus" na "dessous" mara kumi kwa kuzichanganya, ukiandika mpangilio wake, kisha mpe anayejua Kifaransa asikilize na kuonyesha kidole juu au chini. Usimwonyeshe ulichoandika.