Wasomaji wanauliza: Kijana anaenda Cornwall, apitie wapi?

SWALI: Dada habari za kazi. Mwanangu kapata nafasi ya kusoma mambo ya migodi Camborne School of Mines, huko Cornwall, Uingereza, anaanza Septemba na hajawahi hata kupanda ndege. Tiketi ya Dar kwenda London tumeanza kuulizia, ila kutoka pale kwenda huko kila mtu anasema lake, mjomba wake anasema basi ndo bei rahisi, jirani anasema kuna treni ya usiku ya kulala. Ana mabegi mawili makubwa. Tusaidie. (Mama Brayani, Tabata)

JIBU: Mama Brayani shikamoo, na hongera sana. Kabla ya basi na treni, mwambie leo leo asikate tiketi ya Camborne! Chuo kilianzia huko kweli, mwaka 1888, na jina kimebaki nalo, ila tangu 2004 kiko Penryn karibu na Falmouth, chini ya Chuo Kikuu cha Exeter (na Exeter nao ni mji mwingine kabisa, uko Devon, unaupita kabla hujaingia Cornwall). Sasa Camborne ina stesheni yake na treni inasimama pale, kwa hiyo mgeni anashusha mabegi kwa raha zake afu ndo anaanza kuuliza chuo kiko wapi. Tiketi isomeke Penryn. Atashuka Truro, atabadilisha apande treni ndogo ya kwenda Falmouth, na Penryn iko njiani, haifiki hata nusu saa.

Kutoka London treni zinaanzia Paddington, na mpaka Truro ni kama masaa manne na nusu hadi matano, yaani zaidi ya Dar–Dodoma kwa SGR. Akitua Heathrow kuna treni ya Elizabeth line inamfikisha Paddington bila kubadilisha. Ila mtu na mabegi mawili, siku yake ya kwanza ugenini, mimi nisingemwingiza London kabisa. Pale pale Heathrow kuna mabasi ya RailAir yanaenda stesheni ya Reading, na treni nyingi za Cornwall zinasimama Reading, anadakia hapo.

Na kuna njia watu wengi wa hapa hawaifikirii. Ndege ya moja kwa moja Dar–London hakuna, lazima abadilishe mahali, iwe Dubai, Doha, Addis Ababa au Istanbul, sasa kama kubadilisha kupo tu kwa nini asibadilishie Amsterdam na KLM ashukie Bristol? Bristol iko upande huo huo wa magharibi, uwanja wake ni mdogo, na nje kuna basi la kwenda stesheni ya Temple Meads ambako anapata treni ya kushuka Cornwall. Safari yote ikiwa kwenye tiketi moja mabegi anayakuta Bristol. Mimi ningeulizia bei ya hii kwanza.

Kwenye tiketi ya treni muwe makini. Zile za bei ya chini zinaitwa Advance, unakata mapema, ila ni za treni ile ile uliyochagua, ndege ikichelewa imekula kwako. Kwa hiyo aache masaa manne hivi katikati, au akate Off-Peak ambayo ni ghali kidogo ila haimbani na treni moja. Anunue pia kadi ya 16-25 Railcard, inapunguza theluthi ya nauli na inakaa kwenye simu.

Treni ya usiku jirani kasema kweli, inaitwa Night Riviera, inatoka Paddington kama saa sita kasorobo usiku na asubuhi iko Cornwall. Kuna vyumba vya kulala na kuna viti vya kawaida. Inamfaa anayetua jioni, lakini Jumamosi usiku haiendi, na Jumapili kwa ujumla reli za kule zina matengenezo mengi, unaweza kukuta umepandishwa basi nusu ya safari.

Basi la mjomba lipo, National Express kutoka London Victoria, ni rahisi kweli, ila ni masaa nane na zaidi, na wana kiwango cha mizigo. Baada ya usiku mzima kwenye ndege? Hapana.

SWALI: Nimesikia Cornwall kuna uwanja wa ndege, Newquay. Si aruke tu mpaka pale? (Emanueli, Mbagala)

JIBU: Upo, ila ni wa ndege chache na ratiba inabadilika sana kati ya kiangazi na baridi. Tena uwanja hauna treni, unatoka kwa basi au teksi, na Penryn iko upande mwingine wa Cornwall. Teksi hiyo mtaiona kwenye pochi.