Jikoni na Mwalimu: Chai ya rangi, mawese meupe na makande ya kila siku

Barua za mwezi huu nimezisomea barazani kwangu hapa Ujiji, Kigoma, mjukuu akinisaidia zile zenye mwandiko wa kubanana. Kwa anayefika leo: nilifundisha shule za msingi miaka 31, na 9 kati ya hiyo nilibebeshwa usimamizi wa jiko la shule. Si daktari. Mtoto akiumwa, mpeleke zahanati, usiningoje mimi.

*Shikamoo Mwalimu. Mwanangu wa pili yuko darasa la tatu. Asubuhi anakunywa chai ya rangi na andazi moja, saa kumi na mbili na nusu ameshatoka. Nampa shilingi 500 ya kula shuleni. Mwalimu wake anasema ikifika saa nne anasinzia. Akirudi jioni anafakamia ugali kama mtu mzima. Kazi yangu ni kuuza nyanya, sina hela ya maziwa kila siku. Nifanyeje? — Mama wa watatu, Mwandiga*

Marahaba mwanangu. Chai ya sukari na andazi ni sukari juu ya unga mweupe. Vinapanda haraka na kushuka haraka, kwa hiyo usingizi wa saa nne haunishangazi hata kidogo. Lakini kabla hujawaza maziwa, hebu nikuulize: jana usiku sufuria ya maharage ilibaki na nini?

Sisi tulipokuwa wadogo kiporo kilikuwa haki ya anayekwenda shule. Tuligombania ukoko. Siku hizi kiporo kimeonekana cha kimaskini, andazi likapandishwa cheo, na sijui nani alipitisha uamuzi huo. Pika maharage ya usiku yazidi kikombe kimoja, yafunike vizuri. Asubuhi yarudishe motoni mpaka yatokote kabisa, si kupashwa tu, kisha mpe na kipande cha muhogo wa kuchemsha au kiazi kitamu. Huna maharage? Ponda karanga kiganja kimoja. Muhogo ni mzuri kwa nguvu, ila protini yake ni ndogo sana. Ukimpa mtoto muhogo peke yake umemshibisha tu, hujamjenga.

Na dagaa unao mlangoni. Wewe unajua kwamba mbalamwezi ikiwaka wavuvi wa taa hawapati kitu cha maana na bei inapanda. Basi nunua siku za giza, nunua wakavu, uweke kwenye ndoo yenye mfuniko. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, jirani yangu mmoja alikula dagaa wake kimya kimya huku sisi wengine tukilalamika. Chagua waliokaushwa kwenye chanja. Wa mchangani utawaosha mara nne na bado jino litakwambia. Dagaa analiwa mzima, na mifupa yake, ndiyo maana anampa mtoto madini ya mifupa ambayo mnofu wa mgebuka haumpi kwa kiasi hicho.

Chai usimnyime, utazua vita bure. Isogeze tu. Majani ya chai yanazuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mboga za majani. Ale kwanza, chai aikute akirudi. Chungwa au embe pamoja na chakula hufanya kinyume chake: husaidia chuma kuingia mwilini.

Kuhusu ile 500. Siku moja niliwaambia watoto wa darasa la nne waandike kwenye karatasi walichonunua mapumziko, bila jina. Barafu, ubuyu, jojo, mihogo ya kukaanga, barafu, barafu. Ndizi ilitajwa mara moja tu, na mwandiko niliujua: mama yake alikuwa akiuza ndizi pale getini. Kwa hiyo usimpe pesa na hotuba. Mpe 200 na ndizi mbili mkononi.

*Shikamoo Bibi. Mke wangu ni mtu wa Dar es Salaam. Mawese anayaunguza kwenye karai mpaka yageuke meupe, anasema bila hivyo yananuka. Mama yangu akija anakasirika. Halafu kuna mtu kijiweni anasema mawese yote yanaleta ugonjwa wa moyo. Nani mkweli? — Bodaboda wa Katubuka*

Marahaba mjukuu wangu. Mama yako ana haki ya kukasirika, ila mwambie asikasirike mbele ya mkeo.

Ile rangi nyekundu ndiyo mali yenyewe. Inatokana na karotini, na mwili huigeuza kuwa vitamini A, ile inayolinda macho na kumsaidia mtoto kupambana na maradhi. Ukiyaunguza mpaka yawe meupe umeichoma yote. Kinachobaki ni mafuta tu, na nyumba nzima mnakohoa moshi. Nimeona karai likishushwa mafuta yana rangi ya maji ya mchele. Nililia kimoyomoyo, maana mkoa mzima unahangaikia miche bora ya michikichi ya TARI Kihinga, kituo cha utafiti wa kilimo, halafu sisi tunaunguza utamu wake wenyewe.

Mtu wa kijiweni naye hakuokota maneno yake barabarani. Karibu nusu ya mawese ni mafuta yale mazito, ambayo yakizidi si rafiki wa moyo. Dawa ni kupima. Kijiko kimoja cha chakula kwa kila mlaji kinatosha kwenye sufuria ya maharage au kisamvu. Mkeo ajaribu hivi: kitunguu na nyanya viive kwanza kwa maji kidogo, mawese yaingie mwishoni, moto mdogo, akamue ndimu. Harufu anayoikimbia mara nyingi ni ya mawese ya zamani. Mnunulie mapya.

*Salaam, dada Mwalimu. Mimi ni mjumbe wa kamati ya shule, wilaya ya Kasulu. Wazazi wanachangia mahindi na maharage, watoto wanakula makande Jumatatu mpaka Ijumaa. Wanachoka, wanamwaga. Sasa wazazi wengine wamegoma kuchangia. Kuna mtu ametushauri tuanzishe uji wa unga wa lishe wenye nafaka saba. Unasemaje? — Mjumbe*

Salaam kaka yangu. Nianze na huo unga, kwa sababu uliwahi kuniumbua.

Tulisaga mchanganyiko wa vitu vinane: mahindi, ulezi, mtama, mchele, soya, karanga, na viwili nimevisahau. Nikajiona mtaalamu. Stoo yetu ilikuwa ikivuja, na karanga nilizipokea bila kuzichambua kwa kuwa mzazi alizileta kwa moyo mweupe. Wiki ya tatu nikafungua debe, harufu ya ukungu ikanipiga usoni. Tukamwaga lote, na mkutano wa wazazi uliofuata sitaki kuukumbuka. Ukungu wa karanga na mahindi ndio huzaa sumukuvu, na kuchemsha hakuiondoi. Mwaka 2016 watu walikufa kwa hiyo Dodoma na Manyara. Nafaka moja na kunde moja, kavu, zilizochambuliwa, zinatosha. Saba ni mbwembwe.

Makande yenyewe hayana kosa. Mahindi na maharage hukamilishana kwa protini. Kosa liko kwenye mapishi: punje ngumu, maharage yanayogonga meno, chumvi imekwama chini. Mwambie mpishi aloweke vyote usiku, amwage maji yale asubuhi. Kuni zitapungua, na tumbo la watoto halitajaa gesi. Koboeni mahindi mkiweza. Kisha Jumanne na Alhamisi wekeni ugali kwa maharage yaleyale, yaungwe kwa mawese na kitunguu. Chakula ni kilekile, ila mtoto ataona kimebadilika.

Mboga msinunue. Mchicha mnavuna wiki nne tu baada ya kupanda, na matembele mkiyachomeka karibu na pale watoto wanaponawia mikono hayatakufa hata kiangazi. Embe zikianza kuanguka, kila mtoto aje na moja, asiye na mti apewe.

Kwa waliogoma, usiwatishe. Waiteni saa ya chakula, mkae nao chini, mle sahani zilezile. Mimi nilifanya hivyo mara moja. Baba mmoja alitafuna kijiko cha kwanza, akanitazama, akauliza mpishi ni nani. Wiki iliyofuata alileta kuni.

*Mwalimu, eti mjamzito akila mayai mtoto anazaliwa kipara? Mama mkwe amenikataza. — Msomaji, Gungu*

Nilikula mayai mimba zote tano. Wa nne alitoka na nywele mpaka mkunga akacheka. Mayai yapike yaive kabisa, ule. Na kama kuku wako wanataga na mayai yote yanaishia kuuzwa Jumamosi, mawili yabaki nyumbani. Mama mkwe mpe moja.